Namna Bosibori Alivyolipata Neno "Almost"

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa maiki, nami nikasema asante na kuketi. Wengine mlidhani nimekasirika. Hapana. Kazi niliyoifanya kwa muda mrefu ni ya mikono na macho, na maiki haikuwahi kutusaidia kwa lolote. Sasa niko nyumbani, ng'ombe wamekamuliwa, mvua ya alasiri inakusanyika juu ya vilima vya Manga kama kawaida yake, na nimeona niwaandikie nyinyi walimu vijana yale ninayoyakumbuka. Vyeo sitavitaja. Viko kwenye faili ofisini, na huko ndiko vinakoishi vizuri.

Nilianza kama mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kawaida karibu na Suneka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapata uhamisho kwenda shule ya msingi upande wa Nyamira, na kwenye barua yangu palikuwa na neno "kitengo" ambalo sikulitilia maanani. Mwalimu mkuu alinipokea, akanipitisha mbele ya madarasa yote mazuri, tukaendelea kutembea hadi kwenye chumba cha mabati kilichopakana na shamba la chai. Akafungua mlango, akaniambia, "Hawa ndio wako," akarudi ofisini kwa mwendo wa mtu aliyetua mzigo.

Nikasimama mbele na kusema kwa sauti yangu ya Suneka, ile iliyokuwa inafika mpaka uwanjani, "Good morning, class!"

Hakuna aliyejibu. Watoto walinitazama kinywani kwa makini sana, kama watu wanaotazama samaki ndani ya chupa. Nyuma kabisa alikaa mwalimu mzee, mrefu, amejifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Alipoacha kucheka alisema, "Umewasalimu vizuri. Kesho uwasalimu kwa mkono."

Huyo alikuwa Mwalimu Makori, mkuu wa kile kitengo cha watoto viziwi. Yeye alikuwa anasikia kama mimi, lakini ndugu yake mdogo alizaliwa kiziwi, na wawili hao walikua wakizungumza kwa ishara kwenye shamba la chai kabla hajatokea mtu wa kuwaambia kwamba hiyo ni lugha. Kila jioni baada ya masomo alinikalisha kwenye benchi nje ya darasa na kunifundisha. Vidole vyangu vilikuwa vigumu kama mihogo. Kwa muda wa wiki nzima niliwaambia watoto kwamba mimi ni mbuzi wao, nikidhani nasema mwalimu, nao kwa heshima zao wakaitikia.

Vifaa tulivyokuwa navyo mngevicheka. Kioo kirefu chenye ufa, ambacho mtoto alitakiwa kujitazama midomo akijaribu kutamka. Ngoma moja kubwa, ambayo watoto waliisikia kwa nyayo wakiwa pekupeku kwenye sakafu ya mbao, na ambayo darasa jirani waliisikia kwa masikio na kuilalamikia kila Ijumaa. Picha tulizikata kwenye kalenda kuukuu. Mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kisii mjini alituwekea kalenda zake kila mwaka ulipokwisha, na ndiyo maana watoto wa Nyamira walijua neno "elephant" kwa kumtazama tembo aliyevikwa hariri na dhahabu. Ukimwomba mmoja wao amchore tembo, humkosi na taji kichwani.

Bosibori aliletwa na baba yake akiwa tayari msichana mkubwa, akakaa katikati ya watoto wadogo, magoti yakigusa dawati. Baba yake alikuwa mkulima wa chai, mtu wa maneno machache, Msabato wa kushika Sabato kwelikweli. Tulizungumza Kikisii, mtoto akiwa amesimama kati yetu.

"Nimesikia hapa watu kama huyu wanafundishwa," alisema.

"Wanafundishwa, Baba Bosibori."

"Basi jaribu, mwalimu. Ukishindwa uniambie mapema. Majani ya chai hayangoji."

Alisema hivyo mbele yake kwa sababu hasikii. Lakini niliona jinsi msichana alivyoufuata uso wa baba yake wakati wote, kisha akaushusha wake chini. Sikuhitaji tafsiri.

Bosibori alijifunza kama mtu aliyekuwa na njaa. Majina ya vitu aliyachuma upesi kama mama zetu wanavyochuma majani, mikono yote miwili, bila kutazama chini. Akaruka madarasa. Akamaliza la tano, la sita, la saba, na ukafika mwaka wa mtihani wa darasa la nane.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mwalimu mkuu alituita, mimi na Makori, akatwambia kwamba muhula wa pili atakuja afisa wa elimu kuamua kama watoto wa kitengo wataandikishwa kufanya mtihani pamoja na wenzao wanaosikia, au watapelekwa moja kwa moja kwenye ushonaji na useremala. Sina neno baya juu ya ushonaji. Lakini kuna tofauti kati ya mtoto anayeuchagua na mtoto aliyefungiwa milango mingine yote.

Habari hazikai. Jumapili iliyofuata nilikutana na Baba Bosibori kwenye kituo cha chai, gunia begani.

"Nasikia huenda wasifanye mtihani," alisema.

"Bado haijaamuliwa."

"Ikiamuliwa hapana, nitamchukua nyumbani. Amekuwa mkubwa. Siwezi kumweka shuleni kama pambo."

Makori, nilipomweleza, alikuna kidevu. "Hesabu hazinisumbui," alisema. "Hesabu hazina masikio. Watatukamata kwenye Kiingereza."

Na kweli, Kiingereza ndicho kilichokuwa mlima. Mtoto anayesikia hulipata neno hata akiwa amelala. Linamwingia kutoka kwa redio ya jirani, kanisani, njiani. Mtoto wetu hulipata neno pale tu mtu anapomwonyesha. Vitu vina picha, matendo yana mwigo. Lakini yapo maneno madogo ambayo hayana umbo, na ndiyo yanayoshikilia sentensi nzima. Kwenye kitabu chetu cha kusoma tukafika ukurasa wenye neno "almost", tukakwama hapo kama trekta matopeni.

Nilianza kwa kikombe. Nikakisukuma polepole hadi ukingoni mwa meza, kikainama, nikakidaka. Nikaandika neno ubaoni. Nikarudia tena na tena. Bosibori akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akaandika kwenye daftari lake: "The almost is on the table." Alidhani nimemfundisha jina la ukingo wa meza.

Nikajaribu kwa kuigiza. Nikatembea, nikajikwaa, nikayumba, nikajishika ukutani. Nilikuwa tayari na mwili wa mama wa watoto, na darasa zima lilifurahia sana. Bosibori akaniangalia usoni, akaona nilivyotoa macho, akaandika: "I am almost of the dog." Sasa neno limekuwa hofu. Alitaka kusema anaogopa mbwa.

Mara ya tatu nilidhani nimefaulu. Alileta sentensi isiyokuwa na kosa hata moja la sarufi: "Yesterday I almost ate." Nikampigia makofi ya viziwi, yale ya kutikisa viganja hewani. Kisha nikaingiwa na shaka. Nikamuuliza kwa mikono, chakula kilikuwa kimefika wapi? Mkononi? Mdomoni? Akanishangaa. Hakukuwa na chakula chochote, alinieleza. Mama alichelewa shambani, watu wakalala hivyo hivyo. Hakula, basi. Kwake "almost" sasa lilikuwa namna nyingine ya kusema hapana.

Hilo lilinivunja moyo kuliko yale mengine, kwa sababu lilikuwa nusu kweli. Kikombe hakikuanguka. Mimi sikuanguka. Alikuwa ameona vyema kwamba jambo halikutokea. Alichokosa ni ule ukaribu, ule tunaouita kwa Kiswahili "nusura", na nusura utaichora vipi?

Nilimwambia Makori naliruka hilo neno, muda unakwisha.

"Usiliruke, wala usilifundishe," alisema. "Unampa dawa mtu ambaye hajaugua. Ngoja alihitaji."

"Na asipolihitaji kabla afisa hajafika?"

"Basi afisa atamkuta mtoto asiyejua neno moja la Kiingereza. Mimi mwenyewe yako mengi siyajui, na bado sijafukuzwa."

Nikangoja, kwa shingo upande.

Mpishi wa shule alikuwa na kuku waliozoea kuokota punje nyuma ya jiko. Asubuhi moja wakati wa mapumziko nilikuwa darasani nasahihisha madaftari, Bosibori akaingia mbio na kunivuta mkono wa sweta. Macho yake yalikuwa yamewaka. Akaanza kunieleza: mwewe, juu, akashuka, kifaranga, kucha zimefunguka, akamkamata. Kisha mikono ikasimama. Akatikisa kichwa. Akaanza upya: mwewe, akashuka, kifaranga, hakumkamata. Akatikisa kichwa tena, sasa kwa hasira, akapiga mguu chini.

Nikaelewa taratibu kilichokuwa kinamtesa. Akisema mwewe amemkamata, ni uongo. Kifaranga yuko hai, yuko chini ya mama yake. Akisema hakumkamata, ni uongo mbaya zaidi, maana mtu atadhani hapakuwa na lolote, mwewe alipita tu angani akaenda zake. Alifungua kiganja kunionyesha ushahidi: unyoya mdogo wa manjano. Halafu akanyoosha vidole viwili, akavisogeza, akavisogeza, mpaka ikabaki nafasi ya kupita mwanga tu. Akaniangalia. Alikuwa ananiuliza: nafasi hii, inaitwaje?

Nilisimama, nikaenda ubaoni, nikaandika: "The hawk almost caught the chick."

Alisoma. Akavitazama vidole vyake. Akaenda ubaoni, akaliwekea lile neno kidole, kisha akaonyesha ile nafasi kati ya vidole, akageuka kuniuliza kwa uso: ndilo hili? Ndilo, nikamjibu. Kisha akaenda kwenye dawati lake, akalifungua daftari, akatafuta ukurasa wa siku zilizopita, akachukua kifutio na kufuta kwa nguvu mpaka karatasi ikakwaruzika. Juu yake akaandika: "Yesterday I did not eat."

Mimi sikumwambia afute. Nimefundisha miaka mingi, na nawaambia, hakuna tiki nyekundu niliyowahi kuitia iliyonifurahisha kama kile kifutio. Nilitoka nje nikasimama kwenye chai kwa muda, maana si vizuri watoto kumwona mwalimu anafuta macho kwa vidole vyenye chaki.

Wiki zilizofuata hatukupumua. Alilitumia lile neno kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Kengele "almost" imepigwa. Mvua "almost" imekuja. Alileta moja iliyosema, "Madam almost old." Nikamrekebisha: "Madam is almost old." Sarufi niliisahihisha, maana nikaiacha ilivyo. Naye aliwafundisha wenzake, kwa vile vidole viwili, na hiyo ikawa ishara yetu ya darasa.

Siku ya afisa ilikuja katikati ya mvua za masika. Shule yetu, kama mnavyoijua, iko chini ya mteremko wa udongo mwekundu, na pembeni mwa kona kulikuwa na mtaro mpana wa kupitisha maji. Watoto wetu walikuwa nje wakiokota takataka. Mimi nilikuwa ndani nikipanga madaftari, kwa hiyo sikuona kilichotokea, nilisikia tu injini ikinguruma na watu wakikimbia. Gari la serikali lilikuwa limeteleza kwenye kona. Wazazi waliokuwa wamefika mapema kujua hatima ya watoto wao walilisukuma hadi likakaa sawa, na Baba Bosibori alikuwa miongoni mwao.

Afisa aliingia ofisini matope yakiwa yamemfika magotini. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye tai.

"Pole na safari," mwalimu mkuu alisema.

"Safari ilikuwa nzuri. Matope kidogo tu."

Darasani alikagua madaftari bila haraka. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa afisa, ungeona kwa namna alivyofungua kurasa. Kisha akavua miwani.

"Madam, sentensi hizi ni nzuri," alisema. "Lakini nitakuwa mkweli. Mtoto anaweza kukariri. Nimeona shule nyingi. Mgeni akija, kasuku anaimba."

"Waulize mwenyewe," nilisema.

"Nitawauliza. Na wewe mikono yako niione ikiwa imetulia."

Niliketi na kuikalia mikono yangu. Sisemi kwa mafumbo. Niliiweka chini ya mapaja. Makori alikuwa nyuma na leso yake. Baba Bosibori na wazazi wengine walikuwa wamebanana mlangoni. Afisa akachukua chaki na kuandika kwa mwandiko mzuri: "What did you see today?" Akawatazama watoto, akamchagua aliye mrefu kuliko wote, akampa chaki.

Bosibori aliusoma ubao. Alinitazama mara moja. Mikono yangu ikabaki pale ilipokuwa. Akatugeuzia mgongo, akaanza kuandika. Chaki ilipiga ile kelele yake ya kukwaruza na sisi wenye masikio tukakunja nyuso, yeye hakujua. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akajisomea, akaongeza nukta.

Aliandika: "I saw a car. The car almost fell into the ditch. The visitor opened his mouth very big. I think he shouted."

Yaani: niliona gari, nusura litumbukie mtaroni. Mgeni akafungua kinywa wazi kabisa. Nadhani alipiga kelele.

Mwalimu mkuu alianza kuchunguza mabati ya paa. Nyuma nilisikia pua ya Makori ndani ya leso. Afisa alisoma, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akachukua kipande kingine cha chaki, akaandika chini yake: "Did the car fall?"

Bosibori hakufikiri hata kidogo. Aliandika: "No. Almost." Na kwa sababu alikuwa amezoea kuwafundisha wasiojua, akamgeukia afisa, akamwinulia vidole viwili usoni, na kumwonyesha ile nafasi ndogo ilikuwa ndogo kiasi gani.

Afisa alicheka mpaka akashika meza. "Ni kweli," alisema, akigeukia watu mlangoni. "Nilipiga kelele. Nilimwita mama yangu." Halafu akamwambia mwalimu mkuu, sasa bila kicheko, "Hili hakuna aliyemkaririsha. Waandikishe wote."

Mlangoni watu walianza kusukumana. Baba Bosibori alinishika kiwiko. "Ameandika nini?" aliuliza. Nikamfasiria neno kwa neno. Alisikiliza, akautazama ubao kama mtu anayetazama shamba ambalo hakujua ni lake.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Nilikuwa pale. Bega langu bado linauma." Akalisugua. "Hata mimi nisingeweza kueleza vizuri hivyo." Siku ile hakutaja chai.

Mtihani waliufanya katika ukumbi mmoja na watoto wanaosikia. Msimamizi alisimama mbele akasoma maagizo yote kwa sauti, ukurasa mzima, na watoto wetu walikuwa wameshayasoma wenyewe na kuanza kungoja kabla hajafika katikati. Matokeo yalipokuja, wote wa kitengo walipita, na Bosibori akaitwa sekondari ya viziwi nje ya wilaya. Alama zake za Kiingereza ziliwapita wengi waliokuwa wakisikia redio tangu kuzaliwa. Mwalimu mkuu alizisoma kwenye gwaride la asubuhi, na shule nzima, wasikiao na wasiosikia, wakatikisa viganja hewani. Kutoka nilipokuwa ilionekana kama shamba la migomba limepigwa na upepo.

Siku aliyokuja kumchukua na sanduku lake, Baba Bosibori alivaa koti la Sabato ingawa ilikuwa katikati ya wiki. Alinivuta nyuma ya darasa ambapo hakuna mtu.

"Mwalimu, 'umeshinda' inasemwaje?"

"Unaweza kumwandikia, baba. Atasoma."

"Sitaki kuandika."

Nikamwonyesha. Mikono yake ilikuwa na ngozi nene, nyeusi kwa utomvu wa chai kwenye ncha za vidole, na haikutaka kukunjika. Alirudia mara nyingi, midomo ikisogea kama mtu anayesali, huku akichungulia kona asije akaonekana. Alipoona inatosha, akatembea hadi katikati ya uwanja alikosimama binti yake na wenzake, akasimama mbele yake na kuinua mkono.

Alikosea. Kidole gumba kilikaa upande usiofaa, na alichosema hakikuwa na maana yoyote.

Bosibori hakucheka. Aliweka sanduku chini, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili, akakikunja kile kidole gumba polepole mpaka kikakaa mahali pake, akauachia. Kisha akamwashiria kwa kidevu: rudia.

Baba yake akarudia.